Utando wa seramiki unapoonekana kuisha: dalili na visababishi kwa wenye magari wa Nakuru na Kisumu

Kijana aliyekuwa akisuuza gari langu katika kituo kimoja cha kuoshea magari hapa Nakuru alizima mashine ya presha, akaitazama boneti, kisha akaniambia, "Mzee, seramiki yako imeisha. Angalia maji, hayakimbii tena." Kuhusu maji alisema kweli: badala ya kujikusanya kuwa matone na kuteremka, yalikuwa yametanda juu ya bati kama shuka lililoloa. Kuhusu seramiki alikosea. Utando huo ulikuwa na miezi minane tu, na baada ya alasiri moja ya kuusafisha kwa mpangilio, maji yalirudi kukimbia karibu gari zima, isipokuwa sehemu ya paa yenye ukubwa wa sinia, ambayo nitaifikia mwishoni.

Wengi wanaoambiwa maneno hayo hurudi kwa fundi na kulipia utando mpya juu ya ule wa zamani ambao bado uko hai. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema kukumbuka kitu chenyewe ni nini. Utando wa seramiki ni tabaka jembamba la kemikali za jamii ya silika, lenye unene wa mikroni moja au mbili hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), linaloshikamana na klia ya gari, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, ambayo yenyewe huwa na mikroni 40 hadi 50 katika magari mengi. Kazi yake ni kuzuia uchafu usishike kwa nguvu na kuyafukuza maji. Alama ya 9H inayoandikwa kwenye vichupa hutokana na kipimo cha kukwaruza kwa penseli ngumu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba gari lako sasa linahimili kokoto za barabara ya Salgaa.

Jaribio la chupa

Anza kila uchunguzi kwa chupa ya maji ya nusu lita. Egesha gari kivulini, hakikisha bati limepoa kiasi cha kuweza kuweka kiganja bila kukitoa, kisha mimina maji kidogo kidogo mahali patatu: katikati ya boneti, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, na kwenye paa. Usiangalie tu kama maji yanafanya matone. Angalia pia yanavyoondoka. Utando ulio hai lakini mchafu hufanya matone bapa yanayosita, yenye kingo zisizo sawa. Utando safi hufanya matone ya mviringo yanayoteremka mara tu unapoligusa gari.

Mahali penyewe panapogoma pana maana. Maji yakitanda chini ya milango tu na kukimbia kwingineko, shuku mafuta na uchafu wa barabarani. Yakitanda gari zima kwa namna ileile, shuku sabuni. Yakitanda kwenye boneti na paa pekee, yaani sehemu zinazolala chali kulitazama jua, shuku madini ya maji, na ndipo hofu ya utando kuchakaa inapoanza kuwa na msingi.

Dalili ya kwanza: maji yanatanda

Kisababishi cha kawaida kabisa ni sabuni. Vituo vingi vya kuoshea magari hutumia sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani na kuuzwa kwa jerikeni za lita 20, na watengenezaji wake huifanya nzito kwa kuongeza chumvi. Sabuni hiyo huosha masufuria vizuri sana. Juu ya utando wa seramiki huacha ngozi nyembamba isiyoonekana, na maji yanapokutana na ngozi hiyo hayajui tena kwamba chini yake kuna seramiki. Sabuni ya unga ni kali zaidi kwa sababu ni alkali. Haiui utando kwa siku moja, lakini ukiitumia kila Jumamosi kwa mwaka mzima utaupunguzia maisha. Shampuu zenye waksi ndani yake zina kosa jingine: huacha waksi juu ya utando, nayo waksi hunasa vumbi na kulainika juani.

Cha pili ni mafuta. Ipo desturi, hasa baada ya kuosha sehemu za chini ya gari, ya kupuliza dizeli au mafuta mengine huko chini ili chuma king'ae. Upepo wa mashine hurusha sehemu ya mafuta hayo hadi kwenye milango na gadi. Vivyo hivyo dawa ya kung'arisha matairi: ikipakwa nyingi na gari likaondoka papo hapo, tairi huitupa kwenye bati la nyuma yake, na utaona mstari wa madoa. Mafuta ya taa, ambayo baadhi yetu tulifundishwa na wazee wetu kuyatumia kutoa lami, huitoa lami kweli, lakini huacha utelezi unaokaa hadi uoshwe kwa makusudi.

Ili kujua ni kipi kati ya hivi, safisha kwa hatua na urudie jaribio la chupa baada ya kila hatua. Kwanza osha kwa shampuu ya magari isiyo na waksi, yenye pH ya karibu 7, yaani isiyo asidi wala alkali, mara mbili mfululizo. Maji yakirudi kukimbia, ulikuwa na tatizo la sabuni tu, na kazi imeisha. Yasiporudi, tumia dawa ya kuondoa lami na mafuta kwenye sehemu za chini, kisha osha tena. Yasiporudi bado, puliza dawa ya kuondoa chembe za chuma, iache kwa dakika 3 hadi 5 bila kukauka, kisha suuza kwa maji mengi. Kisha ndipo uendee madini, ambayo nitayaeleza sasa hivi kwa kirefu kwa sababu kwetu sisi wa Nakuru ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu anayemwaga dawa zote kwa mpigo hupata gari safi, lakini hajui kilichokuwa kinamsumbua, na baada ya mwezi mmoja atarudi palepale.

Katika gari langu maji yalirudi sehemu za chini baada ya dawa ya mafuta. Boneti ilisubiri hadi hatua ya madini.

Dalili ya pili: miduara myeupe inayobaki baada ya gari kukauka

Sehemu kubwa ya maji ya Nakuru hutoka visimani, katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Kila mwenyeji amewahi kuona meno yaliyogeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo katika baadhi ya visima hivyo. Maji hayo hubeba pia bikabonati na silika iliyoyeyuka, ndiyo maana tunayaita maji ya chumvi ingawa chumvi ya mezani si tatizo kuu. Tone linapokauka juu ya bati, maji huenda zake na kila kilichoyeyushwa ndani yake hubaki kwenye duara dogo. Utando wa seramiki huyakuza mambo haya kwa njia isiyotarajiwa: kwa kuwa unafanya maji yasimame kama matone yaliyoinuka, madini yote ya tone hukusanyika mahali pamoja badala ya kusambaa. Kwa hiyo gari lenye seramiki likiachwa likauke juani huonyesha madoa zaidi kuliko jirani yake lisilo nayo, na mwenyewe hudhani ametapeliwa.

Kisumu hali ni nyepesi kidogo. Maji ya mfereji huko hutoka Ziwa Victoria na Mto Kibos, nayo maji ya Ziwa Victoria yana madini machache yakilinganishwa na ya visima vya Bonde la Ufa. Wakazi wa mji huo wanaoona miduara mingi waulize kwanza kama kituo wanachokwenda kinatumia mfereji au kisima chake chenyewe. Kuosha gari ufuoni, ndani ya maji ya ziwa, ni shauri jingine: maji yale ya ukingoni huwa na mchanga, mwani na mafuta ya magari yaliyotangulia, na kitambaa kinachochovywa humo hupanda juu na vyote vitatu, mbali na kwamba mafuta ya kwako nayo yanaishia kwa samaki.

Doa la siku moja au mbili hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji hayo hupatikana kwenye vituo vya petroli kwa jina la maji ya betri. Soma kibandiko kwa makini usije ukabeba asidi ya betri, kwa maana ziko kwenye rafu zinazokaribiana na vyombo vyake hufanana. Lowesha kitambaa cha mikrofaiba kwa mchanganyiko huo, kilaze juu ya madoa kwa dakika moja au mbili kivulini, pangusa bila kukandamiza, kisha osha kwa shampuu na usuuze. Siki huyeyusha chokaa. Haiyeyushi silika. Kwa hiyo ukiona kwamba doa limepungua lakini kivuli chake kimebaki, usiongeze siki wala usiache ikae zaidi. Kilichobaki ni silika au ni kovu lililokwisha kuchimbika, na vyote viwili vinahitaji polishi laini ambayo itaondoa utando mahali hapo.

Kinga ni rahisi kuliko tiba, nayo ni tangi la maji ya mvua. Maji yanayovunwa kutoka paa la mabati, baada ya kuacha mvua ya mwanzo isafishe vumbi la paa, hayana madini ya kutajika. Mimi huosha kwa maji ya mfereji na kusuuza mara ya mwisho kwa lita 20 za maji ya mvua nikitumia mtungi wa kumwagilia maua, huku mdomo wake ukikaribia kugusa bati ili maji yashuke kama pazia na kuvuta matone mengine. Kisha nakausha mara moja kwa taulo kubwa la mikrofaiba, nikililaza na kulivuta, silisugui. Yeyote asiye na tangi na aoshe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Bati jeusi juani hupita nyuzi 60 za Selsiasi, na katika joto hilo tone halikupi hata nafasi ya kuchukua taulo.

Dalili ya tatu: bati linaparuza likiguswa

Vaa glavu nyembamba ya plastiki mkononi, upitishe vidole juu ya boneti iliyooshwa na kukaushwa. Ukihisi chembechembe kama za sukari, gari limebeba vitu vilivyozama ndani ya utando au vilivyoukalia.

Yeyote anayesafiri mara kwa mara kati ya Nakuru na Kisumu hukutana na karibu vyote. Kwenye mteremko wa Salgaa malori hushuka yakishika breki, na vumbi la chuma kutoka breki hizo, pamoja na zako mwenyewe, huruka likiwa la moto na kujichoma kwenye rangi. Kwenye gari jeupe utaona vidoa vya rangi ya chungwa. Hii ndiyo kazi ya dawa ya chembe za chuma, ambayo hugeuka zambarau inapokutana na chuma na kutoa harufu ya mayai yaliyooza. Harufu hiyo si ishara kwamba imeharibika. Mbele zaidi, ukishapita Kericho na kuteremka kuelekea Awasi, na hasa ukikata kwenda Muhoroni au Chemelil, mashamba ya miwa yanapochomwa majivu meusi mepesi huanguka juu ya magari. Majivu yakikutana na umande huwa alkali. Yasuuze kwa maji kabla hujayagusa kwa chochote, kwa kuwa kuyapangusa makavu ni kuyasaga.

Kipo kishawishi cha kutumia udongo wa kusafishia rangi, ule unaofinyangwa mkononi kama unga wa chapati. Huondoa chembe zote, lakini pia husugua utando. Utumie baada ya dawa kushindwa, mahali padogo tu, na kwa kilainishi kingi.

Dalili ya nne: mistari kama utando wa buibui juani

Hii haisababishwi na seramiki, wala seramiki haiizuii. Husababishwa na mkono, na mara nyingi mkono wenye nia njema. Mlinzi wa ploti anayeamka alfajiri na kupangusa magari yote kwa kitambaa kimoja chenye unyevu ili wenye magari wayakute yaking'aa, kisha akapewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, ndiye chanzo cha mistari mingi ambayo nimewahi kuonyeshwa. Vumbi la mji wetu lina mchanga wa volkano, na linalotoka upande wa Gilgil, kwenye machimbo ya Kariandusi, lina diatomaiti, madini yaliyotokana na mabaki ya viumbe wa majini, ambayo hutumiwa hata katika baadhi ya polishi za kung'arisha chuma. Kwa hiyo kitambaa kile kinapiga polishi kila siku, bila mpango. Mwombe mlinzi kwa heshima aliache gari lako na vumbi lake, na umpe kile kitu kidogo vilevile.

Wakati wa kuosha, ndoo ziwe mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Baada ya mlango mmoja, chungulia ndani ya ndoo ya pili. Mchanga unaouona chini yake ndio ungekuwa kwenye mlango unaofuata. Anzia paa, malizia chini, na rimu ziwe na kitambaa chake ambacho hakipandi juu kamwe. Mashine ya presha ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye bati, na zaidi kwenye magari yaliyopigwa rangi upya, ambayo si machache kati ya haya yanayoingia kutoka Japani yakiwa yametumika.

Dalili ya tano: mabaka meusi au yenye rangi za upinde wa mvua

Kama yalionekana tangu siku za mwanzo, lawama ni ya upakaji. Fundi alipaka dawa nyingi mahali hapo, au alichelewa kuifuta. Joto na unyevu wa Kisumu huharakisha kukauka, na fundi aliyezoea kusubiri dakika mbili mahali pa baridi atajikuta amechelewa alasiri ya Kisumu. Mabaka ya aina hii hayaoshwi yakatoka. Yakiwa ya saa chache hufutwa kwa kupaka tena kidogo dawa ileile juu yake na kuifuta upesi. Yakiwa ya siku kadhaa huhitaji polishi na kupakwa upya. Mrudishie fundi, na umwonyeshe usiku kwa tochi iliyolazwa ubavuni, maana mchana atasema haoni kitu.

Kama mabaka ni ya mviringo na yalitokea wiki ya kwanza, uliza gari lilikuwa wapi. Shemeji yangu alipakiwa utando asubuhi hapa Nakuru, na kwa furaha yake akaondoka siku hiyohiyo kwenda Kisumu. Mvua ya Kericho, ambayo alasiri hukosa mara chache, ikamnyeshea kabla utando haujakomaa. Alikausha gari siku ya pili yake, na matone yalikuwa yameacha alama ndani ya utando wenyewe. Saa 24 za kwanza gari lisilowe kabisa, na kwa siku 7 lisiguswe na sabuni. Likinyeshewa, likaushwe papo hapo kwa kugusagusa, hata kama ni kandokando ya barabara.

Dalili ya sita: madoa ya ndege na wadudu

Kinyesi cha ndege kina asidi, na kwenye jua la mchana klia hulainika, ikaupokea uchafu, kisha jioni ikajikaza ukiwa umeshachimba. Utando hukununulia saa chache tu. Beba chupa ya maji na kitambaa garini, loweka kwa dakika 5, kisha inua bila kusugua. Vivyo hivyo kwa wale mbu wa ziwani wasiouma ambao hupanda kutoka Ziwa Victoria kama moshi na kuijaza bampa ya mbele kati ya Ahero na mjini.

Utando unapokuwa umeisha kweli

Nilisema kuna sehemu ya paa iliyogoma. Kwa miezi kadhaa gari lilikuwa likilala chini ya tangi la jirani lililovuja, tone moja kila sekunde chache, maji ya kisima, mahali palepale. Niliosha, nikapaka dawa ya mafuta, ya chuma, kisha siki, na kila mara maji ya chupa yalitanda palepale huku sentimita kumi pembeni yakikimbia. Hiyo ndiyo picha ya utando uliokufa: hatua zote zimefanyika, mpaka ni wazi, na sababu inajulikana. Fundi alipiga polishi laini kwenye paa peke yake na kulipaka upya, kwa gharama ndogo kuliko gari zima. Sehemu nyingine niliziongezea dawa ya kupuliza yenye silika, ambayo mimi huirudia kila miezi mitatu au minne. Gari nalo nililihamishia upande wa pili wa ua.